Hata wa Ndani Apige Hodi

Kila nikimwambia mwanafunzi mwenzangu kwamba seva anayoiendesha kwenye kompyuta yake haina ulinzi, hunijibu kwa maneno yale yale: "Ah, hiyo ni lokalihosti tu." Nimelisikia jibu hilo bwenini, nimelisikia maabara, na nimelisikia kwa mhadhiri ambaye katika mambo mengine namheshimu sana. Linaloniudhi ni lile neno "tu". Ndilo ninalolipinga hapa, na sina budi kuanza na aibu yangu mwenyewe, kwa sababu hata mimi nililisema.

Kwetu ni Palma, kaskazini mwa pwani ya Cabo Delgado, si mbali na mto Ruvuma. Wasomaji wengi wa mkusanyiko huu wanaijua Palma kwa gesi na kwa tarehe 24 Machi 2021, siku mji ulipovamiwa na simu zikakatika. Sisi tunaijua pia kwa maneno yake. Kiswahili chetu kinakaa jirani na Kimwani na Kimakonde, kimekopa Kireno bila haya, na kina majina ya pepo, ya mitego na ya miamba ambayo sijayaona katika kamusi yoyote ya maktaba yetu. Likizo iliyopita nilizunguka Palma mjini, Kionga na Olumbe nikiwa na simu na daftari, nikirekodi wazee.

Nilikwenda kutafuta maneno ya uvuvi. Lakini huwezi kumuuliza mzee wa kwetu jina la mtego ukapewa mtego peke yake. Atakuambia ulikuwa wa nani, huyo mtu alikimbilia wapi, alivuka mto au alipanda mashua ya kwenda Pemba, nani amerudi, nani hajulikani alipo, na nani anajulikana alipo ila isisemwe. Hayo yote yaliingia kwenye rekodi. Niliwaahidi wazee kwamba sauti zao hazitatoka mikononi mwangu mpaka waniruhusu.

Niliporudi chuoni nilitengeneza programu ndogo ya kuzisikiliza na kuzinukuu. Upande mmoja ulikuwa ukurasa wa kutafuta maneno, upande wa pili seva iliyosoma mafaili yote ya folda ile: sauti, majina, vijiji, nani ni mtoto wa nani. Seva ilikuwa kwenye kompyuta yangu pekee, kwenye anwani ya 127.0.0.1. Sikuiweka mtandaoni na nilijisifu kwa hilo. Siku moja ukurasa ukashindwa kuisoma seva. Kivinjari kikaandika kwa rangi nyekundu kwamba majibu yamezuiwa kwa kuwa yametoka asili nyingine. Nikatafuta dawa, na dawa ilikuwa ile inayopatikana kila pembe: weka nyota. Yaani iagize seva itamke katika kila jibu lake kwamba wote wanaruhusiwa kusoma, na "wote" huandikwa kwa alama ya nyota. Nikaweka nyota. Maandishi mekundu yakaondoka, nami nikaenda kula.

Dada mmoja wa mwaka wa tatu, anayesoma Kiswahili pamoja na kompyuta, aliiona ile nyota akanyamaza. Jioni akanitumia kiungo: "Kaka, hebu fungua hiki." Nikafungua, seva yangu ikiwa inaendelea kufanya kazi kama kawaida. Ukurasa ulikuwa mweupe, kisha ukaanza kujiandika. Jina la kwanza lilikuwa la bibi mmoja wa Kionga. La pili lilikuwa la mwanawe, na chini yake kijiji anachoishi sasa, kijiji ambacho bibi yule alikitaja kwa sauti ya chini hata kwenye rekodi.

Ukurasa ule ulikaa kwenye seva ya bure nje ya nchi. Ulikuwa na mistari isiyozidi 15. Dada hakuwa na nenosiri langu, hakuigusa kompyuta yangu, na alihakikisha ukurasa unaandika kwenye skrini yangu tu bila kupeleka kitu kokote. "Mimi sijaingia kwako," aliniambia. "Kivinjari chako ndicho kilichoniletea."

Nadhani bibi yangu mzaa mama angelielewa jambo hili haraka kuliko sisi wa chuo. Nyumba ya kwetu ina baraza mbele na ua nyuma. Mgeni hukaa barazani, jikoni haingii. Sasa mtoto wa nyumba anatoka kucheza, mgeni anamnong'oneza: nenda ukamwombe mama ufunguo wa sanduku. Mtoto si mwizi. Anapita milango yote kwa miguu yake kwa sababu ni wa humo. Mama akiwa mtu wa kumpa kila wa ndani anachoomba, ufunguo umekwenda, na ukuta wa mbele haukubomolewa hata jiwe moja. Kivinjari ndiye mtoto huyo. Kinaishi ndani ya kompyuta yako na papo hapo kinacheza na wageni wa dunia nzima. Ukifungua tovuti ya matokeo ya mpira, ukurasa ule unaweza kukituma kibishe hodi kwenye 127.0.0.1, poti ya 3000, ya 5173, ya 8000. Seva yako inaona ombi limetoka ndani, inajibu.

Kivinjari kina adabu zake, nisikionee. Kwa kawaida hukubali kupeleka ombi la mgeni, lakini hukataa kumsomea jibu, isipokuwa seva yenyewe imesema aruhusiwe. Nyota yangu ndiyo iliyosema hivyo. Hata hivyo adabu hiyo ina upungufu ambao watu wa "lokalihosti tu" hawautaji. Kwanza, ombi limeshafika. Kama seva yako hufuta faili kwa kuombwa tu, faili limekwisha futika, na mgeni hana haja ya kusoma jibu. Pili, mawasiliano ya WebSocket hayamo kabisa katika adabu hiyo: seva isipouliza aliyekuja ametumwa na nani, hakuna mwingine atakayeuliza.

Kisha ipo hila ya majina, ambayo ni kongwe. Mgeni ana tovuti yenye jina lake. Daftari la majina la intaneti, yaani DNS, mara ya kwanza linajibu kwamba jina hilo liko kwenye seva yake huko mbali. Muda mfupi baadaye analibadilisha, na jina lile lile sasa linaelekeza kwenye 127.0.0.1, jikoni kwako. Kivinjari hutazama jina, hakitazami nyumba. Kinaamini bado kinazungumza na mwenyeji yule yule, kwa hiyo kinamwachia mgeni asome kila kitu, nyota iwepo isiwepo. Watafiti wa chuo cha Princeton walikwisha lieleza shambulio la aina hii mwaka 1996. Mimi nilikuwa sijazaliwa.

Na hapa ndipo lawama yangu inapohama kutoka kwa wanafunzi kwenda kwa watengenezaji wa vifaa. Dawa inajulikana, tena ni nyepesi. Seva imuulize kila ajaye maswali mawili ambayo mama yeyote wa pwani angeyauliza: umetumwa na nani, na umekuja kumtafuta nani? La kwanza ni asili ya ombi, yaani tovuti iliyokituma kivinjari. La pili ni jina la mwenyeji, yaani jina ambalo ombi limelitumia kufika mlangoni. Ombi likisema limekuja kutafuta tovuti ya mgeni wakati hapa ni lokalihosti, likataliwe; hila ya DNS imekufa hapo hapo. Ukitaka ulinzi zaidi, seva itoe tokeni, yaani neno la siri jipya kila inapowashwa. Jupyter hufanya hivyo tangu toleo la 4.3. Ile anwani ndefu yenye tarakimu na herufi nyingi ambayo tunailalamikia kila tunapofungua daftari la Jupyter, ndiyo hiyo. Nami niliwahi kuiita usumbufu.

Django, ambayo wengi wetu tumefundishwa nayo, ilirekebishwa Novemba 2016 ili ikague jina la mwenyeji hata inapoendeshwa kwa ajili ya kujifunzia na kujaribia. Rails ilifanya hivyo mwaka 2019, katika toleo la 6. Basi mtu angetegemea kwamba kufikia 2025 suala limekwisha. Januari 2025 Vite, kifaa kinachotumiwa na idadi kubwa mno ya watengenezaji wa kurasa, ilikiri kwamba seva yake ya majaribio ilimruhusu mgeni wa tovuti yoyote kutuma maombi na kusoma majibu. Marekebisho yalikuja katika matoleo ya 6.0.9, 5.4.12 na 4.5.6. Mwezi uliofuata esbuild ikatoa toleo la 0.25.0 ili kuondoa nyota. Ndiyo, nyota ile ile niliyoiweka mimi, wao walikuwa wameiweka tangu kiwandani. Juni mwaka huo huo ikawa zamu ya MCP Inspector, kifaa cha kampuni ya Anthropic cha kupimia seva zinazounganisha programu za akili unde na kompyuta. Hicho hakikuishia kusomesha mafaili: ukurasa wa wavuti uliweza kukifanya kiendeshe amri kwenye kompyuta ya mtu. Kilipewa alama 9.4 kati ya 10 za hatari. Toleo la 0.14.1 likaongeza tokeni na ukaguzi wa asili ya ombi.

Yaani maswali mawili ya mama, baada ya miaka 29 tangu Princeton.

Najua utetezi wao: kifaa ni cha wataalamu, mtaalamu ajilinde, maelezo yapo. Utetezi huu unaweza kuwa na maana kwa mtu wa London mwenye intaneti isiyokatika. Kwetu programu husafiri kwa flashi. Mimi nilinakili folda nzima ya vifaa vyangu kwa rafiki aliyeinakili kwa binamu yake, na matoleo yaliyomo yalikuwa na zaidi ya mwaka. Kusasisha ni bando, na bando ni hela ya chakula. Nikiwa Palma, nikiunganisha kompyuta kwenye simu, jambo la kwanza ninalolifanya ni kuzima masasisho yote kabla hayajanimaliza. Kwa hiyo mtu anayetoa kifaa kilicho wazi na kuahidi kukifunga katika toleo lijalo, ajue kwamba kuna sehemu za dunia ambako toleo lijalo halifiki. Kule toleo la kwanza ndilo toleo. Kifaa kinatakiwa kitoke kikiwa kimefungwa, na anayetaka kukifungua akifungue mwenyewe kwa mkono wake huku akisoma anachokifanya.

Wengine wataniambia nitulie, kwamba vivinjari sasa vimechukua kazi hiyo. Ni kweli kwa kiasi. Tangu toleo la 142, la Oktoba 2025, Chrome humuuliza mtumiaji kabla ya kuuacha ukurasa wa nje uzungumze na vifaa vya ndani. Naliunga mkono jambo hilo. Lakini nilimwomba rafiki yangu mmoja, mwenye Chrome mpya, afungue ule ukurasa wa dada. Swali likamtokea. Akabonyeza "Ruhusu" kabla sijamaliza kuvuta kiti. Nikamuuliza limesema nini. Akasema, "Si ndiyo yale ya kila siku?" Simlaumu, tumezoeshwa kubonyeza Ruhusu ili tufike tunakokwenda. Swali lile linamtegemea mtu aliyechoka usiku wa manane, wakati seva ingeuliza bila kuchoka.

Tena vivinjari vyenyewe vimekuwa na matobo. Agosti 2024 kampuni ya Oligo Security ilionyesha kwamba, kwenye macOS na Linux, ukurasa uliweza kutumia anwani 0.0.0.0 kupita kando ya vizuizi na kufika kwenye seva za ndani, na hitilafu hiyo ilikuwa imeripotiwa mara ya kwanza mwaka 2006. Nikiwa hapo hapo kwenye 0.0.0.0: kuna mazoea ya kuielekeza seva kwenye anwani hiyo ili mtu aitazame kazi yake kwenye simu. Kwa kufanya hivyo unaiambia seva isikilize milango yote, pamoja na ule unaoelekea Wi-Fi ya hosteli nzima. Hapo hata kivinjari hakihitajiki.

Hoja inayorudiwa kuliko zote ni hii: nani atajisumbua kumshambulia mwanafunzi wa Palma? Anayeuliza hivyo anadhani mshambuliaji huchagua nyumba. Ukurasa hauchagui. Unawekwa mahali, na kila apitaye kivinjari chake kinatumwa kubisha hodi kote. Mei 2020 iligundulika kwamba tovuti ya eBay ilikuwa inapima poti za kompyuta za wateja wake wanaotumia Windows, na waliofanyiwa hivyo hawakuchaguliwa kwa majina. Juni 2025 watafiti walionyesha kwamba programu za Facebook na Instagram kwenye simu za Android zilikuwa zinasikiliza kwenye lokalihosti, ili msimbo wa Meta uliomo katika tovuti nyingine uweze kuziambia mtu huyu ni nani. Mwaka 2019 programu ya Zoom ilikutwa imeacha seva ya siri kwenye kompyuta za Mac, ambayo ilibaki hata baada ya mtu kuiondoa Zoom yenyewe, na tovuti yoyote ingeweza kuitumia kumwingiza mtu kwenye mkutano, pengine kamera ikiwa wazi. Haya yalifanywa na makampuni yenye anwani na mawakili. Asiye na wakili atashindwa nini?

Halafu, tuseme ukweli, Palma si mahali ambapo hakuna anayetaka kujua nani yuko wapi.

Sasa niwageukie wahadhiri, kwa heshima. Nilipolileta jambo hili kwenye semina niliambiwa kwamba hili ni la idara ya kompyuta, sisi tunashughulika na lugha. Lakini rekodi ziko kwetu. Sisi ndio tunaokwenda kwa wazee na fomu ya ridhaa, tunawasomea kwamba taarifa zao "zitahifadhiwa salama katika kompyuta ya mtafiti", wanaweka dole gumba, tunarudi chuoni. Sentensi ile ina maana gani kama mtafiti hajui kompyuta yake inamjibu nani? Fomu ya kuombea kibali cha utafiti inauliza idadi ya wasailiwa, inauliza bajeti, inauliza hata rangi ya jalada la ripoti (sitanii). Iongezwe swali moja: programu utakayotumia kusoma data inakagua aliyeituma ombi? Mwanafunzi asiyejua jibu apelekwe kwa anayejua kabla hajapanda gari kwenda kijijini.

Na hapo idara ya Kiswahili ina kazi yake hasa. Maonyo yote niliyoyataja yameandikwa kwa Kiingereza, tena kile cha mafundi. Kwetu Cabo Delgado, aliyesoma amesoma kwa Kireno. Dawa ya "weka nyota" inasambaa kwa kuwa ni fupi na haihitaji lugha. Onyo halisambai kwa kuwa hakuna aliyeliandika kwa maneno ambayo watu wanayo. Tunaandika tasnifu juu ya istilahi, tunabishana kama neno ni kivinjari au ni kisakuzi, wakati "asili ya ombi" na "jina la mwenyeji" hayajaandikwa popote ambapo mwanafunzi atayaona siku kivinjari kinapomwandikia maandishi mekundu.

Nimebadilisha programu yangu. Inasikiliza 127.0.0.1 peke yake, inakataa jina lolote la mwenyeji isilolijua, inataka tokeni, na nyota nimeifuta. Ilinichukua mchana mmoja, dada akinisimamia. Kuwaambia wazee kulichukua muda mrefu zaidi.

Nilikwenda Kionga kwanza. Nilimwamkia bibi, nikakaa, nikamweleza kwa mfano wa mtoto na mgeni wa barazani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama kuna mgeni mwingine aliyesoma, zaidi ya yule dada. Nikamwambia sidhani, ila sina njia ya kuapa, kwa sababu nyota ilikaa siku 19 na katika siku hizo nilifungua tovuti nyingi. Akanyamaza. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, maneno ya bahari baki nayo. Jina la mwanangu litoe."

Nikawasha kompyuta palepale, nikamwonyesha lilipo, nikalifuta kwenye maandishi, nikaikata sauti sehemu ile. Akaniomba nimsikilizishe rekodi yote tena, kuanzia mwanzo, ahakikishe.